Jiwe la Shinkolobwe na Mapatano ya Silaha

(Maneno yaliyosemwa na karani wa mgodi mbele ya mkutano wa Kambove)



Tumeombwa tuseme habari ya mapatano ya silaha kati ya mataifa, yaani kwa nini serikali moja hutia sahihi na nyingine hukataa. Tunajua wako wanaonong'ona: habari hiyo inatuhusu nini sisi watu wa shaba na kobalti? Si kazi ya mabalozi wa Geneva na New York? Tunawajibu kwa neno moja tu: Shinkolobwe. Shimo lile liko katika eneo letu la Kambove, upande wa magharibi wa Likasi. Bomu la kwanza la atomiki lililoangushwa juu ya watu lilitengenezwa kwa sehemu kubwa kwa jiwe lililotoka humo. Basi sisi ni wenyeji wa habari hii, ingawa kwa miaka mingi tumeisikia kama wageni.

Tuanze na hesabu, maana sisi makarani ndiyo kazi yetu.

Jiwe lile liligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kulichimba mwaka 1921. Wakati huo kilichotakiwa ni radiumu, dawa ya thamani kubwa ya kutibu saratani. Mawe yalipelekwa Olen, kule Ubelgiji, yakasafishwa huko. Uraniumu yenyewe haikuwa na wanunuzi wengi; ilitumika kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Kabla ya vita kuu ya pili mgodi ulikuwa umefungwa. Lakini mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alikwisha kuonywa na wataalamu kwamba jiwe lile laweza kuzaa silaha ya kutisha. Mwaka 1940 alisafirisha kwa meli tani zaidi ya 1,000, zikawekwa ghalani Staten Island, New York. Tarehe 18 Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea ofisini, na mazungumzo yao hayakupita saa moja. Mzigo wote ukauzwa, na mgodi ukafunguliwa tena.

Ubora wa jiwe lile ulikuwa wa ajabu. Katika mawe bora, sehemu 65 katika 100 zilikuwa oksidi ya uraniumu. Mahali pengine duniani jiwe lenye chini ya sehemu moja katika 100 lilihesabiwa kuwa jema. Wazee wetu walilichimba mchana na usiku, wakalichambua kwa mikono. Hawakuambiwa linakwenda kufanya kazi gani. Tarehe 6 Agosti 1945 mji wa Hiroshima uliteketea, na tarehe 9 mji wa Nagasaki. Hukadiriwa kwamba hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na 70,000 Nagasaki.

Sasa ndugu, sikilizeni vizuri. Tarehe 26 Septemba 1944, bomu lisijatupwa bado, Marekani, Uingereza na Ubelgiji walifanya mapatano ya siri juu ya uraniumu ya Kongo. Marekani na Uingereza walipata haki ya kununua kwanza, mbele ya mtu mwingine ye yote. Ubelgiji ulipata fedha, na ahadi ya kushirikishwa siku nguvu ya atomiki itakapotumika kwa kazi za amani. Shabaha kubwa ilikuwa kwamba jiwe lisifike mikononi mwa adui. Hayo ni kama mapatano ya kwanza ya kuzuia silaha ya atomiki, nayo yalihusu shimo letu. Kila mmoja aliyetia sahihi alipata kitu. Mwenye shimo hakualikwa mezani.

Hapo ndipo tunaposoma somo la kwanza. Taifa haliingii katika mapatano kwa sababu ya moyo mwema tu. Huingia linapoona kwamba litakachopata kimezidi litakachotoa. Tena lenye kiti mezani ndilo linaloandika maneno, na lisilo na kiti huandikiwa.

Somo la pili ni la mwaka 1946. Mwezi wa Juni mwaka ule Marekani walileta shauri mbele ya Umoja wa Mataifa, kwa mdomo wa Bernard Baruch. Walisema: na iundwe mamlaka ya dunia nzima itakayoshika migodi yote ya uraniumu na viwanda vyake, iwe na wakaguzi, na mvunjaji apewe adhabu asiyoweza kuikwepa. Likikubaliwa shauri hilo, hata shimo la Shinkolobwe lingekuwa chini ya mamlaka hiyo. Neno lilikuwa zuri. Lakini Marekani walisema: ukaguzi uanze, na sisi tutaharibu mabomu yetu mwishoni. Warusi wakajibu kwa mdomo wa Andrei Gromyko: la, haribuni kwanza, ukaguzi utafuata. Mmoja alikuwa na bomu, mwingine hakuwa nalo, na kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kufungua mkono. Shauri likafa. Tarehe 29 Agosti 1949 Warusi walilipua bomu lao la kwanza.

Hapa hatusemi nani alikuwa mwema na nani mbaya. Tunasema kwamba kisa hiki kinaonyesha kwa nini mataifa hukataa. Kila moja hujiuliza: nikiweka panga langu chini, jirani yangu ataweka lake? Nitajuaje? Na akinidanganya, nani atanisaidia? Maswali hayo matatu yasipopata majibu, hotuba nzuri haisaidii. Wale wanaokataa hujitetea kwa methali yetu wenyewe kwamba dawa ya moto ni moto.

Hebu sasa tuyaangalie mapatano makubwa kuliko yote ya bomu hili, yale ya kuzuia silaha za nyuklia zisienee. Yalifunguliwa tarehe 1 Julai 1968, yakaanza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970. Yalikuwa biashara ya pande mbili. Mataifa matano yaliyokwisha kulipua bomu kabla ya mwaka 1967, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa na Uchina, yalikubaliwa kubaki nayo kwa wakati ule, kwa ahadi kwamba yatafanya mazungumzo ya kweli ya kuyaondoa. Wengine wote waliahidi kutotafuta bomu kabisa. Kwa malipo yao walipewa haki ya kutumia nguvu ya atomiki kwa umeme, hospitali na elimu.

Kwa nini karibu dunia yote iliingia? Wengine waliogopa jirani, wakaona ni afadhali wote wawili wafungwe kwa kamba moja. Wengine walitaka mashine na elimu. Wengine hawakuwa na bomu, wala fedha za kulitengeneza, basi sahihi haikuwagharimu kitu. Na wengine, kama nchi yetu iliyoingia mwaka 1970, walitaka kuonekana kuwa taifa kamili lenye sahihi yake, si koloni linalosemewa na mwingine. Msiidharau sababu hiyo. Mtu aliyenyimwa kalamu kwa miaka mingi anajua thamani ya kuandika jina lake.

Na kwa nini India, Pakistani na Israeli hawakuingia? India walisema wazi kwamba sheria inayowaruhusu watano na kuwakataza wengine si sheria ya haki. Tena mpakani mwao walikuwa na Uchina, mwenye bomu tangu 1964. India wakalipua mwaka 1974, na tena mwaka 1998, na Pakistani akafuata mwaka huo huo wa 1998. Korea ya Kaskazini iliingia mwaka 1985, ikatangaza kutoka mwaka 2003, na mwaka 2006 ikalipua. Nao wale watano waliahidi, na ahadi ni deni. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na deni halijalipwa. Mkopeshaji anayedai kila siku bila kulipwa huanza kutafuta baraza jingine.

Baraza hilo lilitafutwa, na Waafrika walikuwa katika mstari wa mbele. Tarehe 13 Februari 1960 Wafaransa walilipua bomu lao la kwanza huko Reggane, katika jangwa la Sahara. Ghana ya Kwame Nkrumah ilipinga kwa nguvu na kuzuia mali ya Wafaransa nchini. Mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kairo, wakatangaza kwamba bara letu lisiwe na silaha hizo. Lakini kutoka tangazo hadi sheria ilikuwa safari ndefu, kwa sababu kusini kulikuwa na serikali ya ubaguzi iliyokuwa ikitengeneza bomu kwa siri.

Kisa cha Afrika Kusini kinatufaa sana. Serikali ile ilitengeneza mabomu sita. Iliogopa majeshi ya Kuba na silaha za Kirusi kule Angola, na dunia ilikuwa imeitenga. Baadaye hofu ilipungua. Wakuba walikubali kuondoka Angola, Namibia ikapata uhuru mwaka 1990, na ubaguzi wenyewe ukaanza kuanguka. Wako wanaosema pia kwamba wakubwa wale hawakutaka kuwaachia bomu watu weusi waliokuwa wakikaribia kutawala. Kwa vyo vyote, mabomu yalivunjwa, nchi ikaingia katika mapatano mwaka 1991, na mwaka 1993 Rais de Klerk akatangaza siri hiyo mbele ya bunge.

Je, dunia iliaminije? Hapa sisi makarani tujivune kidogo. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, lenye makao yake Vienna, walikwenda wakafungua madaftari. Walisoma hesabu za kila siku za kiwanda, kilichoingia na kilichotoka, wakalinganisha na uraniumu iliyokuwapo. Ndivyo tunavyofanya sisi penye mizani: tani zilizotoka shimoni, tani zilizofika kiwandani, na tofauti ielezwe. Silaha ya kutisha kuliko zote hukaguliwa kwa kalamu, kwa mizani na kwa kitabu. Pasipo kitabu, sahihi ya rais haina mtu wa kuithibitisha.

Baada ya hapo njia ilifunguka. Mapatano ya Pelindaba, yenye jina la mahali pa utafiti wa atomiki karibu na Pretoria, yalitiwa sahihi Kairo mwaka 1996, yakaanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009. Kutoka 1964 hadi 2009 ni miaka 45. Mtoto aliyezaliwa siku ya tangazo alikuwa amekwisha kupata wajukuu. Lakini kazi ilitimia.

Kisha, tarehe 7 Julai 2017, mataifa 122 yalipiga kura New York kukubali mapatano mapya, yanayopiga marufuku silaha za nyuklia kabisa, kwa mkubwa na kwa mdogo. Yalianza kufanya kazi tarehe 22 Januari 2021. Nchi yetu ilitia sahihi mwezi wa Septemba 2017, na mwaka 2022 ikayathibitisha. Sasa tazameni orodha ya wasiomo. Hayumo hata mmoja kati ya wale tisa wenye bomu. Hayumo Mbelgiji, aliyeuza jiwe. Na hayumo Mjapani, aliyelipuliwa kwa jiwe hilo.

Mtu atashangaa: Mjapani, mwenye makaburi ya Hiroshima na Nagasaki, akatae kulipiga marufuku bomu? Ndiyo, na sababu yake si siri. Serikali yake hukaa chini ya kivuli cha Marekani, na jirani zake Uchina, Urusi na Korea ya Kaskazini wana bomu. Huona kwamba akitoka kivulini atachomwa na jua. Ubelgiji nao umo katika jeshi la umoja wa NATO, linalosema wazi kwamba litategemea silaha hizo maadamu ziko duniani. Kwa hiyo msidhani kwamba wanaokataa hawajui machungu. Manusura wa Hiroshima wenyewe wameiomba serikali yao iingie, nayo imeyajua machungu yao ikaweka hofu mbele.

Tena hofu inaweza kumtoa hata aliyekwisha kuingia. Mwaka 1994 Ukraine ilikubali kuachana na mabomu yaliyobaki nchini mwake baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, na Urusi, Marekani na Uingereza wakaahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Krimea, na mwaka 2022 ikaivamia nchi nzima. Jirani wengine walitazama. Mwaka 2025 Estonia, Latvia, Lithuania, Finland na Poland ziliarifu kwamba zinajitoa katika mapatano ya mwaka 1997 yanayokataza mabomu ya kutegwa ardhini, kwa kumwogopa Mrusi. Nasi Wakongo tumo katika mapatano hayo tangu 2002, na watu wetu wanajua mguu uliokatwa na bomu la ardhini hauoti tena. Ahadi ikivunjwa upande mmoja wa dunia, upande mwingine huumia.

Turudi nyumbani, maana msemaji anayesifu mapatano ya mbali bila kutazama ua wake ni sawa na nyani asiyeona kundule. Sahihi yetu nzuri ya 2017 ina thamani gani hapa Kambove?

Tazameni historia. Kabla ya uhuru, Wabelgiji walizifunga njia za chini za Shinkolobwe kwa saruji. Kinshasa ilipata tanuru ya atomiki mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika. Lakini katika miaka ya 1970 vyuma viwili vya kuni zake za uraniumu vilipotea, na kimoja kikakamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa watu wa magendo. Huku kwetu, njaa na kusimama kwa kazi kuliwarudisha watu shimoni. Walikuwa wakitafuta kobalti kwa sululu na magunia. Lakini katika shimo lile kobalti na uraniumu hukaa pamoja kama kaka na dada, na gunia la kobalti laweza kubeba uraniumu bila mbebaji kujua. Mwezi wa Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kulifunga. Mwezi wa Julai mwaka ule ule shimo likaporomoka, likaua watu wanane. Amri ilikuwapo, na watu walikuwamo shimoni. Kijiji kilichokuwa kando kikabomolewa, na watu wakatawanywa.

Tuseme kweli: wale waliokufa hawakuwa wavunjaji wa mapatano. Walikuwa baba na kaka waliotafuta unga. Serikali iliyofunga shimo bila kufungua kazi nyingine ilikuwa imeandika nusu ya sheria. Askari peke yake hawezi kulinda shimo ambalo nyumba mia zinalitazama kwa njaa.

Ndiyo maana tunasema kwamba mapatano ya silaha hayaishii kwenye meza ya balozi. Mwaka 2003 nchi yetu ilianza kufuata nyongeza ya mapatano na shirika la Vienna, na nyongeza hiyo yataka serikali ieleze migodi yake ya uraniumu iko wapi na hali yake. Ni nani atakayejua hali hiyo kama si mtu wa mizani, mlinzi wa lango, mwenye lori, na karani anayeandika? Dunia ikiuliza "jiwe la Kongo limekwenda wapi?", jibu halitatoka Kinshasa kama halikuandikwa kwanza hapa.

Wengine watasema: wakubwa wanaendelea na mabomu yao, kwa nini sisi maskini tujifunge? Swali hilo ni la haki, wala hatulikimbii. Jibu letu ni hili. Hatujifungi kwa ajili ya kumfurahisha mkubwa. Mwaka 1944 jiwe letu liliuzwa bila sisi kujua, na dunia ikaungua kwa jiwe hilo. Sahihi ya leo ni mara ya kwanza mwenye shimo anasema mwenyewe nini kifanyike na nini kisifanyike na mali yake. Tena mdogo hana ngao ila sheria. Mkubwa akivunja sheria ana jeshi lake. Sisi tukiivunja hatuna cho chote cha kujitetea nacho, wala hatutakuwa na mdomo wa kumdai yeye deni lake.

Basi tunaomba mambo matatu, na tunaomba mkutano huu uyaandike. La kwanza, shimo la Shinkolobwe lilindwe kweli, na mionzi ipimwe mahali watu wanapolima na kuteka maji, kisha majibu yasomwe hadharani kwa Kiswahili, si kufungiwa kabatini. La pili, magunia ya kobalti ya eneo letu yapimwe mionzi kabla ya kutoka, na hesabu ya lango ilingane na hesabu ya kiwanda. La tatu, wanaoondolewa shimoni wapewe mahali halali pa kuchimba au kazi nyingine, maana tumbo tupu halisomi mapatano.

Na sisi wenyewe makarani tuna wajibu. Tunajua kwamba kalamu hupewa chai ili iandike tani kumi badala ya kumi na mbili. Ndugu, katika shaba huo ni wizi. Katika jiwe la Shinkolobwe ni zaidi ya wizi, maana tani mbili zisizoandikwa hazina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hupata bwana mbaya. Kwa hiyo kila mmoja wetu aliyeshika kitabu cha mizani ajue kwamba sahihi yake ndogo iko chini ya ile sahihi kubwa ya New York, kama nguzo chini ya paa.

 Aliye na swali asimame aulize, hasa ninyi akina mama mnaoteka maji kule chini, maana ninyi ndio wa kwanza kujua maji yakibadilika.

Uhuru na kazi!